Mshale wa Mama Sindano

Mama Sindano alikuwa na sare ishirini za wauguzi na siku mbili tu za kuzimaliza. Kushona alishashona. Zilibaki kingo. Ovaloki yake, mashine ya kuziba kingo za nguo zisifumuke, iligoma tangu asubuhi, na sare za kufumuka zisingepokelewa.

Duka la pili alikuwepo mshona mapazia, mgeni asiyejua Kiswahili. Ovaloki yake ilikuwa imekaa bure. Mama Sindano akafungua kamusi, akatafuta "azima", akachukua neno fupi. Akaandika ujumbe kwa Kiingereza, akaupeleka. Jibu lilirudi upesi, na hilo alilielewa: "Asante, jirani. Mashine ninayo."

Alikereka sana. "Kwani nimemuuliza kama anayo?" alimwambia wifi yake, karani wa mapokezi hotelini, aliyepita kumjulia hali. "Si aseme tu hataki."

Wifi alisoma ujumbe, akabana kicheko. "Umeandika lend. Umemwambia utampa yako."

"Kamusi imesema azima."

"Imeweka maneno mawili, wewe ukachagua jepesi. Sisi neno moja linatutosha. Wao wanaangalia kitu kinakwenda wapi."

Mama Sindano akavuta kiti. Hasira zilimwisha, sasa alitaka kujua. "Hebu nionyeshe."

Wifi akachukua chaki ya kukatia, akachora mishale miwili juu ya meza. "Kikitoka kwako kwenda kwake, unasema lend. Kikitoka kwake kuja kwako, borrow."

Mama Sindano akamsukumia mkasi wake mkubwa. "Hapa, lend."

"Ndiyo."

"Na nikiuchukua mwavuli wako?"

"Borrow. Na kesho unaurudisha, nakujua wewe."

Akaandika upya: anaomba ku-borrow mashine hadi kesho jioni. Ila moyo haukutulia, kwa hiyo chini yake akachora ovaloki na mshale unaoelekea kwake. Haikupita muda, jirani akaingia mwenyewe, amekumbatia mashine, anatabasamu. Sare zote ishirini zilitoka kwa wakati.

Wiki iliyofuata, kikaratasi kilipenyezwa chini ya mlango. Hakikuwa na neno hata moja. Palichorwa mkasi mkubwa, na mshale ukielekea duka la mapazia.

Mama Sindano alicheka peke yake. Kisha akaufuta mkasi vumbi, akaupeleka.