Mama Aliambiwa na Televisheni Kwamba Anakufa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, sijaolewa, na nafunza watoto wa chekechea huku Kileleshwa. Naandika haya nikiwa na uchungu ambao sijui niupeleke wapi...

Kwetu ni Kinoo. Baba alituacha tukiwa wadogo, Mama akatulea mimi na kaka yangu Njoroge kwa cherehani, akishona sare za shule. Alikuwa mcheshi mno! Alipenda tamthilia kuliko chakula, na aligombana na waigizaji kana kwamba wanamsikia. Njoroge alipopata kazi ya kuandika tamthilia za televisheni, hakuna jirani ambaye hakuambiwa.

Kisha Mama akaanza kukonda.

Tulimpeleka hospitali moja katikati ya jiji. Alipomaliza kupimwa, daktari alituita mimi na Njoroge kando, kwenye korido. Saratani ya ini. Ilikuwa imeenea. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu.

Mimi nilitaka aambiwe. Njoroge akakataa katakata.

"Shiru, ukimwambia utamuua kabla ya ugonjwa. Tuseme ni vidonda vya tumbo."

Yeye ndiye kifungua mimba wetu, nami nilikuwa nimelia hadi nguvu zikaniisha. Nikanyamaza.

Nilirudi Kinoo kumuuguza. Njoroge naye alikuja karibu kila wikendi. Aliketi kitandani kwa Mama akimuuliza habari za usichana wake, za Baba, za mambo anayoyaota usiku. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kaka mwenye moyo wa namna hiyo. Laiti ningalijua!

Siku tamthilia yake mpya ilipoanza kuonyeshwa, Mama, aliyesikia tangazo lake redioni, alialika akina mama wa kanisani. Nikapika chai na mandazi. Njoroge hakuja, alisema ana kazi mjini.

"Leo mtaona kazi ya mtoto wangu," Mama aliwaambia, akijikaza kuketi wima.

Kwenye televisheni akatokea mama mmoja fundi wa nguo. Anashona huku akiimba wimbo wa kanisani. Anawagombeza waigizaji kwenye televisheni yake! Wageni wakaangua kicheko.

"Mama Njoroge, kwani huyu si ni wewe?"

Mama alicheka hadi akashika tumbo.

Halafu mama yule akaugua. Ikaja korido ya hospitali, akaja daktari, wakaja watoto wawili, kaka na dada. "Asiambiwe," yule kaka akasema. "Tuseme ni vidonda vya tumbo."

Maneno yale yale!

Nilisimama nikaiziba televisheni kwa mwili wangu kama mwendawazimu.

"Shiru," Mama akasema polepole, "toka mbele ya TV."

Alitazama hadi mwisho. Akawashukuru wageni mmoja mmoja, akawatakia usiku mwema. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Ni ukweli?" Nilipiga magoti nikaficha uso kwenye blanketi lake.

"Kwa hivyo Kenya nzima imejua kabla yangu," akasema. Hakulia. Heri angelia!

Njoroge alikuja kesho yake baada ya kunisikia nikimfokea kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mbele ya Mama, lakini Mama aliniashiria nitulie. Akamwonyesha kiti.

"Sasa niambie. Huyo mama anakufa lini?"

"Mum, hiyo ni stori tu..."

"Sema. Si ni wewe umeandika?"

Kaka yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliporomoka miguuni pake. Alilia akisema hakuwa na mahali pengine pa kulilia ila kwenye maandishi yake. Kwamba hakukusudia Mama aione, ila kituo kiliiharakisha naye akaogopa kutuambia. Kwamba alidhani itaonyeshwa baadaye, wakati Mama...

Hakumaliza. Mama ndiye aliyemmalizia. "Wakati nimeshaenda."

Alimpapasa kichwa. Hakumlaani. Alisema jambo moja tu, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo: "Mngeniambia, ningeenda Nyahururu kwa Wambui nikiwa bado natembea."

Wambui ni mdogo wake. Waligombana juu ya shamba la baba yao, na kwa miaka mingi hawakuwa wamesemezana. Kumbe moyoni alitaka kupatana naye! Sasa hata kumketisha garini tulishindwa, maumivu yalimzidi. Nilimpigia mama mdogo simu, akaahidi kuja mara moja. Alipofika, Mama alikuwa amelewa dawa za maumivu, hatambui watu. Mama mdogo alimshika mkono, akamwomba msamaha, akarudia, akarudia tena... Mama alimtazama kama mgeni, akamwita Shiru, akaomba maji. Alifariki bila kujua dada yake yuko pale. Uchungu ulioje!

Tamthilia iliendelea baada ya mazishi. Siku moja nikiwa saluni mjini, wanawake walikuwa wakimlilia yule mama wa televisheni. Dada aliyekuwa akinisuka akaniuliza kwa nini mimi silii, kwani nina moyo wa jiwe? Niliondoka na kichwa kilichosukwa nusu.

Njoroge hunipigia simu. Bado sijapata nguvu ya kupokea.

Wasomaji, nawasihi, msipite njia tuliyopita sisi! Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimfiche siku zake ukidhani unampenda. Siku hizo ni zake, si zako. Keti naye, mshike mkono, umwambie. Atalia, nawe utalia. Lakini mtakuwa mnalia pamoja, na mkimaliza atakuambia anataka umpeleke kwa nani.