Brashi Zilizonukia Javeli

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Likasi nzima hutaka kunyolewa siku moja. Saluni ya Édouard pale sokoni ilifurika watoto na mama zao mpaka mlangoni, na katikati ya msongamano huo Kabedi akapenya, koti jeupe juu ya kitenge cha kijani, glavu mkononi.

"Brashi yako chafu kuliko zote iko wapi?"

Édouard akageuka. Shati la waridi, suruali yenye mkunjo wa kukatia mkate, viatu vya kujitazamia. Mwanaume wa namna hiyo hupiga pasi hata soksi.

"Mama, hapa kwangu uchafu haiko. Weye iko polisi?"

"Hapana. Nachunguza kuvu ya vibarango vya kichwani, ile inayokataa dawa. Nataka nywele na magaga yaliyobaki kwenye brashi."

"Mwanamuke muzuri hivi, anaomba magaga!"

Watoto wakacheka. Kabedi naye akacheka, na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kumsaliti.

Wakapatana: kila mtoto na brashi yake, na kila Jumamosi Édouard azifunge kwenye karatasi ampelekee maabara. Katikati ya wiki simu hazikulala.

"Allô, chérie ya kuvu."

"Allô, bwana wa pasi. Umekula?"

"Nangojea unialike."

"Kwangu kuna ukungu tu."

"Basi utie chumvi, minye nakuya."

Kabedi alikuwa na visahani vya aina mbili, vyote na chakula cha kuvu, nusu yake vimechanganywa na dawa ya famasia. Kuvu ikiota kwenye dawa, ni sugu, na jeni zake zitapelekwa Lubumbashi kusomwa. Lakini wiki nne zikapita, visahani vyote vitupu, hata visivyo na dawa.

Mkuu wa maabara akatikisa kichwa. "Kuvu yako sugu iko vitabuni tu. Mwisho wa mwezi, meza hii nampa mwingine."

Jumamosi ya tano Kabedi akafungua karatasi, akanusa. Javeli, ile dawa ya kuoshea inayoua hata kuvu! Akakamata simu.

"Édouard, brashi hizi ulizisukula?"

"Zote. Mara mbili!"

"Unaogopa saluni yako itasemwa ina ugonjwa! Unaniharibia kazi makusudi!"

"Kabedi, sikia kwanza..."

Akakata.

Tantine Angèle, aliyemlea, akaona pa kupenyea. "Omba musamaha, uache ukungu, uolewe. Mwanaume safi vile!"

"Tantine, watoto wanapakwa dawa miezi sita na vichwa vinazidi kuchubuka. Siachi! Wakininyang'anya meza, nitaotesha kwenye sahani zako za Noeli."

Angèle akaenda kuzificha sahani.

Ijumaa Édouard akasimama mlangoni pa maabara. Shati limejaa nywele, viatu vumbi tupu, kwapani vifurushi saba.

"Nusa. Javeli haiko. Sijasukula kitu wiki nzima, mikono inaniwasha."

"Juu ya nini ulikuwa unazisukula?"

"Minye nimuletee mwanamuke ninayemupenda uchafu wa vichwa vya bantu wengine? Niliona njo heshima!"

"Heshima yako iliniulia kuvu zote, weye!"

"Njo maana nimeandika mlangoni: Vibarango viko hapa, daktari anavichunguza. Nusu ya bantu wangu wa kunyolewa wamekimbilia saluni ya Merdi. Wakimbie!"

Kabedi alimpangusa nywele begani, polepole kuliko kazi ilivyohitaji.

Siku ya kumi na mbili tangu vifurushi vile, kuvu ilikuwa imeota nyeupe kama pamba, ikatambaa juu ya dawa kama imealikwa. Kabedi akavipanga visahani mbele ya mkuu. "Meza inabaki yangu." Jibu la Lubumbashi likaja baadaye: herufi moja ya jeni imebadilika, palepale dawa inaposhikia.

Siku ya posa, Mathieu, mjomba wa Kabedi, akakohoa. "Binti akiolewa, ataacha ukungu?"

"Hapana," akasema Kabedi.

Macho yote kwa Édouard.

"Akiacha," akasema, "minye narudi na mbuzi wangu."

Wakamtazama mbuzi wa mahari pale nje, ameng'aa kama bibi harusi. Kabedi akatoka, akainama, akanusa.

"Édouard! Mbuzi umemusukula?"

"Mara moja tu, chérie."