Ukurasa wa Bwana Kesho

Hospitali ilikuwa imefurika asubuhi ile, na kompyuta ya mapokezi ikagoma. Jina la mgonjwa mmoja lilikuwa limeganda kwenye kioo, na watu waliokuwa nyuma yake walianza kuulizana kama wamekuja kutibiwa au kusimama. Fundi wa programu aliyeitwa alikuwa dada mmoja mrefu, blauzi nyeupe, sketi ya buluu, miwani ameipandisha kichwani. Alikaa kwenye kiti cha mpokezi, akafungua ukurasa wa maelekezo, akaanza kuufuata neno kwa neno.

Maelekezo yenyewe yalikuwa ya maktaba. Si ya vitabu, usije ukacheka. Mafundi wa programu huita maktaba lile fungu la kazi alizokwisha kuziandika mtu mwingine, nawe ukalichukua na kulitumia ndani ya kazi yako. Hii ilikuwa ya kupanga foleni, na ilikuja na ukurasa wa kusaka hitilafu foleni ikikwama. Ukurasa ulisema: andika amri hii, utaonyeshwa kosa lilipo. Akaandika. Kosa halikuonyeshwa. Foleni yote ikafutika, majina ya watu waliodamka alfajiri yakapotea, na benchi zima likapiga kelele.

"Aliyeandika haya," fundi alisema polepole, meno yameumana, "Mungu amsamehe yeye. Mimi sitaweza."

Aliyeandika alikuwa amesimama mbele yake. Kijana wa shati la mistari, pasi imepita kifuani tu mgongoni ikasahauliwa, amemleta mama yake kupima presha. Alisikia, masikio yakamwaka moto. Zamani aliibadilisha maktaba ile, amri ile akaipa kazi nyingine kabisa, na ukurasa akasema atausahihisha kesho. Nyumbani walimwita Kesho, wala hawakumwonea. Sasa mwanamume mwenye akili zake si angesema ni mimi? Huyu aliinama kwenye kaunta, akamnong'oneza dada wa watu amri ya kurudisha majina, na majina yakarudi. Alipoulizwa amejuaje, akajibu kwamba hata yeye yalimkuta.

Ndivyo walivyoanza, kwa uongo mdogo na chai ya kantini. Walipendana upesi, kama watu waliochelewa mahali. Simu haikukaa mfukoni. Fundi alilijua jina lake la nyumbani, akapenda kumtania kama anampenda leo au kesho, naye hujibu kwamba leo anampenda, kesho ataanza upya. Siku moja Kesho akamwambia anataka kwenda kumwona mama yake fundi, waongee mambo ya kueleweka. Fundi moyo ulimruka, lakini akamwomba amngoje kwanza amalizane na hospitali.

Maana huko kulikuwa hakukaliki. Meneja alikuwa amemwambia wazi: Ijumaa mpokezi, asiyejua programu hata chembe, aweze kuikwamua foleni mwenyewe kwa kufuata ukurasa tu, bila kuongezewa neno na mtu. Akishindwa, au foleni ikifutika tena, mkataba umekwisha. Na mkataba ule ndio uliowalisha fundi na mama yake. Basi ikabidi auandike upya ukurasa wa mtu asiyemjua, na kila jioni akawa anamlalamikia mpenzi wake juu ya mvivu huyo aliyebadilisha programu akaacha maelezo yanadanganya watu. Akamuuliza kama kwenye duru zao za mafundi hamfahamu.

"Simfahamu vizuri," Kesho alisema.

Kila siku alikusudia kumwambia. Kila siku akaisogeza mbele, mpaka uongo ule ukawa mzito kuubeba na mzito kuutua.

Jumatano mchana fundi alikwama kabisa. Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya simu: ukishindwa, piga. Hakuwahi kuitilia maanani. Siku hiyo akapiga.

"Haloo, samahani, namtafuta aliyeandika maelekezo ya maktaba ya—"

"Mume wangu hataki tena simu za kompyuta," sauti ya mwanamke ikamkatiza. Kisha ikageuka pembeni: "Wee Kesho, watu wako hawa hawaishi?"

Na kwa mbali, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikajibu kwa uvivu: "Kata tu."

Fundi alikata yeye. Alikaa akiitazama simu. Mambo mawili yalimwingia kwa pamoja, na hakujua lipi linauma zaidi. Kesho alipompigia jioni hakupokea. Alimtumia ujumbe mmoja: Mwandishi mkubwa, msalimie mkeo.

Mke mwenyewe alifika hospitali kesho yake asubuhi, anahema, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Alikuwa dada mkubwa wa Kesho, mshonaji. Laini ile alirithishwa na mdogo wake, na kwa kuwa kila wiki watu asiowajua walimpigia kumuuliza habari za amri, aligundua kwamba neno mume huwanyamazisha upesi. Alieleza yote hayo pale pale kaunta, wagonjwa wametega masikio.

"Mdogo wangu hana mke, wifi. Hana hata wa kumwambia shati halijapigwa pasi mgongoni."

"Usiniite wifi," fundi alisema, lakini alimwamini. "La mke limekwisha, dada. Lakini mimi nimemtukana yule mwandishi mbele yake siku zote hizi, naye akinitazama tu. Alikuwa ananicheka?"

"Alikuwa anakuogopa."

Fundi aliutazama ukurasa ambao haujakamilika. Mapenzi yalikuwepo, hasira ilikuwepo, na Ijumaa ilikuwa kesho. "Mwambie aje," alisema. "Kwa kazi."

Walikaa chumba cha nyuma kutwa nzima, meza katikati. Kesho alianza na neno mpenzi, akaulizwa amri ya pili inafanya nini, bwana. Neno bwana lilimchoma kuliko tusi. Akajibu alichoulizwa. Hatua kwa hatua alieleza kila alichokibadilisha, naye fundi akaandika, akafuta la zamani, akaandika. Alipoomba radhi, fundi hakuinua kichwa.

"Ulibadilisha mambo ndani, nje ukaacha maneno ya zamani," alimwambia. "Watu wakayaamini. Na mimi nikayaamini."

Ijumaa haikungoja jaribio. Foleni ilikwama yenyewe, watu wamejaa hadi mlangoni. Meneja alishuka na suti yake ya kijivu, akamweka mpokezi mbele ya kompyuta, akawataka wengine wote wafunge midomo. Mpokezi alisoma kwa kidole. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, kosa likaonekana lilipo. Ya tatu, likaondoka. Fundi akaanza kupumua. Mara kioo kikauliza: Hifadhi, au Anza upya?

Ukurasa haukusema kitu. Mpokezi alirudi juu, akashuka chini, hakuona. Kidole chake kikaanza kuelekea Anza upya, maana ndilo lililosikika kama la heri. Fundi alijua kwamba kubonyeza hapo ni kufuta kila jina, na alijua pia kwamba akitamka neno ameshindwa. Machozi yakamlenga.

"Usibonyeze," Kesho alisema kutoka nyuma ya benchi.

Meneja aligeuka kumuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa zamani. Foleni iliyofutika siku ile niliifuta mimi, si huyu. Na hapa pana mstari umekosekana, kwa sababu mkono wangu umezoea kubonyeza Hifadhi hata siangalii. Yeye ameandika kila nilichomwambia. Hili sikumwambia."

Benchi likavuma. Mzee mmoja akasema kumbe ndiye huyu. Meneja alimfokea mbele ya umati, habari za wagonjwa, habari za uzembe, habari za ujinga wa kujificha, naye akasimama akayapokea yote, jasho linamtiririka. Hakusema kesho. Yalipokwisha, fundi aliuongeza mstari ule, mpokezi akausoma, akabonyeza Hifadhi, na majina yakaanza kutembea. Meneja aliyatazama kwa muda mrefu. Mkataba uendelee, alisema, na bwana huyu asiguse kompyuta ya hapa bila fundi kuwepo.

Walikutana kwenye korido, pembeni ya machela tupu.

"Nataka kukuoa," Kesho alisema. "Leo ndiyo nasema."

"Kabla sijajibu. Kuna kingine hujaniambia?"

Alifikiri, na kufikiri kwake kulimtisha fundi. "Kipo," alisema. "Naogopa kukosea mbele yako. Nahisi siku utakayoniona nimekosea, utaondoka."

"Leo nimekuona."

"Ndiyo."

"Utakosea tena, nami nitanuna," fundi alisema. "Lakini kununa si kuondoka."

"Sasa hivi umenuna?"

"Sana," alisema, akampa mkono.