Mbao za Lusiola

Walikutana sokoni Kitale, katikati ya msongamano wa Jumamosi, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa gambuti nyekundu za mitumba.

"Leta huo wako," Chepkemei akasema.

"Si uchukue na mwenye mguu, bana?"

Mwenye mguu alikuwa Wakoli, seremala wa Bungoma. Chepkemei, mrembo wa sketi ya kitenge, alisimamia shamba la kahawa lililoachwa na mzungu, ambalo sasa limehifadhiwa watu waje kulitazama. Wakabadilishana namba. Miezi sita simu hazikupoa.

"Sasa, malkia wa kahawa?"

"Poa, baba mbao. Utakuja lini uone hii nyumba ya mzungu? Ni noma!"

"Nitakuja tu, mpenzi."

Hakuja. Kuka yake, yaani babu, alikuwa kibarua shambani humo, akafia humo, akazikwa katikati ya mikahawa. Jiwe walikatazwa kuweka, ndipo kukhu, mkewe, akapanda mti wa lusiola kichwani pa kaburi. Wakoli aliona haya kusema. Haya ya kijinga kabisa.

Wiki moja kabla ya posa, pikapu ikamshushia mbao Bungoma. Simu ikalia.

"Umeziona? Za kitanda chetu! Tunarudisha shamba vile lilikuwa zamani, tumekata kila mti usio mkahawa. Huu mkubwa wa lusiola nikakuombea."

Wakoli alikuwa ameshika ubao wenye msumari wa kutu. Msumari huo aliujua. Babake aliupigilia kwenye mti wa kaburini ili atundike kofia ya marehemu, na utotoni kila Krismasi walienda kuugusa.

"Chepkemei, umekata kaburi la kuka."

"Kaburi gani? Ati hukuniambia!"

"Na wewe hukuuliza nani alipanda hiyo kahawa."

Akakata simu. Siku ya posa ikapita, nyama ya wageni ikaliwa na majirani.

Mwezi uliofuata Wakoli alitokea kwenye lango la shamba, amevaa koti jeusi, msalaba wa lusiola begani. Chepkemei akamkumbatia akilia.

"Nisamehe, laazizi."

"Nimekusamehe. Hata mimi nilinyamaza."

"Na kitanda chetu?"

"Mbao zilizobaki ni za sanduku la kukhu. Amesema mti aliupanda mwenyewe, siku yake ikifika atalala ndani."

Chepkemei akapangusa macho, akamsogezea kitabu cha wageni, maana hakuna aingiaye bila kuandika. Wakoli akaandika jina. Sababu ya kuja: kumwona kuka. Safu ya mwisho iliuliza kama mgeni atarudi tena.

Akaiacha wazi, akamrudishia kalamu.