Mfano wa Darasani

Teksi iliinasa sketi ya Héritière mlangoni, pale stendi ya Joubert Park, mjini huko kusini mwa Afrika, palipofurika watu wa Jumamosi, na ilipoondoka iliondoka na kipande. Kitenge kipya cha njano! Akabaki ameushika mpasuko kwa mkono mmoja na vitabu kwa mwingine, hajui auweke wapi uso wake.

"Usigeuke, dada," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Nina pini."

Alikuwa Pandu, fundi cherehani kutoka Tanga, kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe, pini zimechomekwa kifuani. Alipiga goti hapohapo, madereva wakipiga honi na wauza mahindi wakicheka, akaufunga mpasuko.

"Ulijuaje niko nasema Kiswahili?"

"Si umemtukana dereva kwa Kiswahili? Na cha kwenu Kongo kinasikika mbali."

Wakacheka. Asiyeamini kwamba mapenzi huweza kuanza kwa pini hajawahi kuchanikiwa na nguo hadharani.

Héritière alikuwa na miaka ishirini na miwili. Katikati ya wiki alisuka nywele, na Jumamosi alipanda mtaa wa Berea kwenye darasa la watu wazima, kumalizia miaka miwili ya mwisho ya sekondari aliyoikatiza alipokimbia Bukavu. Katika masomo yote alipenda saikolojia. Aliipenda kupita kiasi, ukiniuliza mimi. Alichofundishwa Jumamosi, Jumapili alimpima nacho Pandu.

"Chéri, jana uliota nini?" aliuliza kwenye simu.

"Nakula ugali kwa dagaa."

"Dagaa iko na maana, unajua?"

"Maana yake nililala njaa, mpenzi wangu. Njoo unipikie."

Jambo moja tu halikuwachekesha. Simu ya Pandu iliita mara kwa mara, jina la Mama likatokea kwenye kioo, naye akaiacha iite mpaka inyamaze. "Nitampigia baadaye," alisema, akashika mkasi. Hakumpigia.

Kisha darasani wakafika kwenye somo la mtoto na mama yake, namna mtoto aliyeachwa mapema anavyokua akiogopa kumkaribia mtu. Héritière akaacha kuandika. Pandu si alilelewa na bibi? Mama yake si alikwenda kufanya kazi Dar yeye bado mdogo? Mwalimu alipoomba mfano kutoka maishani, akakumbusha kwamba jina la mtu hufichwa, Héritière akainua mkono. Alieleza vizuri sana. Jina alilificha. Alisema tu, fundi cherehani mmoja wa Tanga, hapa Joubert Park.

Mwalimu alimsifu. Lakini Joubert Park yote ilikuwa na fundi mmoja tu wa Tanga.

Jumatatu, mwanafunzi mwenzake Gustave alikwenda kupunguziwa suruali, akasema kwa huruma ya kweli, "Pole, kaka. Tulisikia habari zako na mama yako. Kumbe mtu akiachwa mdogo anaharibika hivyo?"

Pandu aliipima suruali, akaikata. Tangu hapo Héritière alipiga simu ikaita bure. Alituma ujumbe, "Mon cœur, nimekosa nini?" Ukasomwa, haukujibiwa. Akakumbuka kwamba Gustave hushona kwa Pandu, akamtafuta, akaelewa. Na jambo lililomtisha zaidi lilikuwa hili: kichwa chake kilianza kuueleza hata ukimya ule, kwa maneno ya kitabu, yakikaa sawasawa kabisa. Aliona haya. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa anampoteza huku akimchambua.

Alhamisi mchana alikwenda dukani kwa Pandu, macho yamevimba, kichwani kilemba cha haraka.

"Nilikusema mbele ya watu bila kukuuliza," alisema kabla hajakaa. "Nilikosa, Pandu. Na usinieleze kitu kama hutaki. Niko nakutaka wewe tu, hata nisipokuelewa."

Pandu akasimamisha cherehani.

"Unajua kwa nini nilikuwa sipokei simu za mama?"

"Sijui."

"Angalau leo hujui." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mama amenitafutia mchumba Tanga. Binti mzuri, wa dini yetu. Kila akipiga ni hilo tu. Na mimi, Héri, sijawahi kumkatalia mama yangu kitu tangu nizaliwe. Ningepokea, ningesema ndiyo. Kwa hiyo sikupokea. Kwa ajili yako."

Héritière alifunika mdomo. Miezi yote ile alikuwa akitafuta sababu utotoni mwa mtu, na sababu ilikuwa yeye mwenyewe, aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha wateja akila karanga.

"Eish, Pandu. Na sasa?"

"Jana nilipokea. Nilikuwa na hasira nawe, nikasema, leo nakubali, yaishe. Mdomo ukakataa. Nikamwambia nina mtu. Mkongo, Mkristo. Akalia, akakata simu. Nampigia, hapokei."

Héritière hakutoa maelezo yoyote. Alimshika mkono tu, akalia naye.

"Kuna jingine," Pandu akasema. "Nilimwambia tunaoana."

"Ulimwambia? Hata mimi hujaniuliza!"

"Ndiyo. Nilikusema bila kukuuliza."

Wakatazamana. Héritière akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, akajiweka sawa kitini.

"Basi niulize," akasema.