Damari Aliacha Kugusa Unga

"Rudi Mkiwa, Calist. Hapa huna mke."

Mzee Chediel alisimama katikati ya mlango wake, pale Mtinko, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Calist alikuwa hata hajatua mfuko wa sukari aliokuja nao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeshasema."

"Naomba nimwone Damari. Dakika tano tu."

"Hii ni mara ya ngapi unakuja? Ya nne. Amewahi kutoka?"

"Hapana, baba."

"Basi. Jumatatu wazee wanakaa. Njoo na watu wako tulimalize jambo hili kwa heshima. Binti yangu amejifungua mtoto mfu, mume hayupo, hata simu hapokei. Simrudishi kwa mtu wa namna hiyo."

"Baba, nilikuwa Mgori natafuta kuku wa biashara. Kule mtandao..."

"Mtandao, mtandao! Wiki ya sita hii unaniimbia mtandao!"

Dirisha la chumba cha uani lilikuwa wazi. Calist akalisogelea, akawa anaongea na pazia.

"Damari. Mke wangu. Niambie hata neno moja."

Sauti ikatoka, nyembamba, kavu.

"Rudi kwa kuku wako."

Mama mkwe ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani. Alipoona wamefika mbali na masikio ya mzee, alimshika mkono.

"Mwanangu, huyu mtoto anakwisha. Uji anakunywa vijiko viwili, anasukuma kikombe. Nikikanda unga wa chapati anatoka, anakwenda kukaa nyuma ya zizi mpaka nimalize. Kwani mlifanyiana nini?"

Gari la kwenda Singida mjini likaja, Calist akapanda.

Damari ndiye aliyeleta mkate wa Kifaransa pale Mkiwa. Alifundishwa na sista mmoja mzee kutoka Ufaransa, wakati akiwa msichana wa jikoni kwenye nyumba ya masista upande wa Itigi. Mkate mrefu kama mkono wa mtu mzima, ganda gumu la rangi ya asali, ndani mwepesi, umejaa matundu. Unga wa ngano, maji, chumvi, hamira. Basi. Mwanzoni watu walinung'unika: mkate gani huu hauna sukari, tena unakwaruza midomo? Lakini mwezi haukuisha. Madereva wa malori wanaosimama njia panda walianza kuumega na kuuchovya kwenye mchuzi wa kuku. Vikongwe wakaulainisha kwenye chai ya maziwa. Wakaupa jina, fimbo, na Jumamosi asubuhi watu walipanga foleni mbele ya tanuri la Damari la matofali, wanagombania ule uliotoka sasa hivi.

Calist mwenyewe alipatia mke hapohapo. Alinunua fimbo moja, akaila yote amesimama, akanunua ya pili ili apate sababu ya kuendelea kusimama.

Sasa tanuri lilikuwa baridi, na kuku wa jirani walikuwa wanatagia ndani.

Jioni ile simu yake iliita. Alikuwa Sista Winfrida, wa nyumba ileile ya masista.

"Tumsifu Yesu Kristo, Calist."

"Milele amina, Sista."

"Damari hapokei simu. Nimesikia yaliyowapata, nawaombea kila siku. Lakini Jumapili ni jubilei yangu, miaka ishirini na tano ya nadhiri. Aliniahidi mikate sitini. Marehemu sista wetu alituzoesha, siku ya shangwe lazima mkate huu uwepo mezani. Kama hawezi niambie tu, tutanunua slesi mjini."

Calist aliangalia lile tanuri.

"Itakuwepo, Sista."

"Una hakika?"

"Itakuwepo."

Maisha yake yote hakuwahi kukanda hata unga wa maandazi.

Alhamisi alianza kwa kumwandikia mkewe.

"Damari nakupenda. Nisamehe."

Tiki mbili za bluu. Hakuna jibu.

"Umekula?"

Tiki za bluu. Kimya.

Saa sita mchana, vidole vikiwa vimegandana kwa ute wa unga, alibonyeza simu kwa ncha ya kidole kimoja:

"Sista Winfrida anataka mikate 60 Jumapili. Nimekubali. Nimekanda kilo mbili, imekuwa kama gundi. Niongeze unga?"

Dakika mbili zikapita. Simu ikalia.

"Usiongeze unga."

Calist alikaa chini palepale sakafuni. Hilo ndilo neno la kwanza mkewe kumwandikia tangu msiba.

"Nifanyeje sasa?"

"Uache. Funika na kitambaa kibichi nusu saa. Halafu lowesha mikono, vuta pembeni, kunja. Mara nne. Usiupige."

"Asante mke wangu. Unaendeleaje?"

Kimya. Akaelewa mchezo ulivyo. Akiuliza habari za mkate, anajibiwa. Akiuliza habari zao wawili, mlango unafungwa. Basi siku nzima akauliza habari za mkate. Maji ya moto au ya baridi? Uumuke mpaka wapi? Hata mambo aliyoyajua aliyauliza, ili tu simu ilie.

Ijumaa alitoa tanurini mikate sita ya kwanza. Joyce, jirani, ndiye aliyemkimbiza Damari hospitali siku ya kujifungua. Aligonga mmoja kwenye ukuta.

"Shemeji, hii tutajengea."

Calist hakucheka. Alipiga simu bila kutegemea chochote. Ikapokelewa.

"Imetokaje?" Damari aliuliza, bila salamu.

"Imepasuka ubavuni. Ganda limepauka kama majivu."

"Ulichana na nini?"

"Kisu."

"Wembe, Calist. Tena mpya. Na maji? Ulirusha maji tanurini kabla ya kufunga?"

"Nilisahau."

"Bila mvuke ganda haling'ai. Na ukiutoa uweke sikioni. Mkate ukiwa mzuri unalia, unapasukapasuka taratibu kama kuni mbichi. Wako umelia?"

"Haukulia."

"Basi huo si mkate."

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kugomba jikoni. Calist angeweza kuuliza swali jingine la hamira. Angeweza kuendelea hivyo mpaka Jumatatu.

"Damari."

"Nini tena?"

"Mgori mtandao ulikuwepo."

Akaketi kwenye gunia la unga, akaendelea.

"Niliiona simu yako. Nilikuwa bado na hasira za asubuhi. Nikaikata. Mara zote nne. Nikajisemea, acha ajifunze. Halafu nikaizima. Jioni nilipoiwasha, Joyce akanipata, na mtoto alikuwa..."

"Malizia."

"Alikuwa ameshafariki. Nikaogopa. Nikamdanganya baba yako, nikamdanganya mama yangu, nikakudanganya wewe ukiwa kitandani hospitali."

"Najua."

"Unajua?"

"Simu isiyo na mtandao haiiti, Calist. Yako iliita. Nilikuwa sakafuni, nimeshika mguu wa meza, nasikia inaita, nasikia inakatwa. Mara nne. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Damari akakata simu.

Baada ya hapo hapakuwa na jibu la chochote. Aliandika, "Wembe nimenunua." Hakuna. Akaandika, "Maji nimerusha." Hakuna. Mwisho akaandika:

"Nichukie, lakini kula."

Hata tiki za bluu hazikutokea.

Jumamosi asubuhi Joyce alimkuta anakanda, macho yamevimba.

"Shemeji, mpigie Sista umwambie ukweli. Hutaweza."

"Nikiacha hii, Joyce, sina kitu kingine cha kumwambia Damari. Sina."

"Kwani anakujibu?"

"Hanijibu."

"Sasa?"

"Sijui. Niache nikande."

Ilikuwa karibu saa saba mchana pale kivuli kilipoziba mlango wa jiko. Calist akageuka. Mama mkwe alikuwa ameshika kikapu, na kando yake alisimama Damari. Gauni lilimning'inia mabegani kama limeazimwa.

"Nimekuja kwa ajili ya Sista," Damari alisema. "Si kwa ajili yako."

"Sawa."

"Na Jumatatu iko palepale."

"Sawa."

Aliangalia beseni, mikono ameificha nyuma.

"Hamira umezidisha. Joto hili nusu yake inatosha. Mwaga, anza upya."

Akavuta kigoda akakaa mbali, akawa anaamrisha. Calist akapima, akachanganya, akakunja.

"Vuta huko. Kunja. Geuza beseni. Sasa uache." Na baadaye, "Viringisha. Bana mshono kwa kiganja. Siyo hivyo! Unautoa pumzi yote!"

"Nionyeshe."

"Siwezi."

"Mara moja tu, Damari, niuone mkono unavyo..."

"Siwezi!" Alisimama, kigoda kikaanguka. "Uliniambia nini asubuhi ile? Sema. Mama naye asikie."

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, akatua ungo.

Calist akaweka donge mezani. "Nilisema... nilisema unaupenda unga huu kuliko mtoto wangu aliye tumboni."

"Ndiyo. Niliambiwa nipumzike, sikupumzika. Nilikanda mpaka siku ileile. Kila nikiona unga, naona nimemuua mwanangu kwa mikono hii."

"Daktari alisema ni kamba ya kitovu. Ilimzunguka shingoni. Haikuwa mikono yako."

"Na kama ungepokea simu?"

Calist alipiga magoti kwenye unga uliomwagika.

"Sijui. Labda mngewahi kufika hospitali. Labda angeishi. Nitakufa sijui. Lakini lile neno lilikuwa uongo. Jana yake kuku wangu wote walikufa njiani, nikarudi mikono mitupu, nakuta watu wamejaa kwako wanakusifia. Nilitafuta neno la kukuumiza, nikalipata. Hukumuua. Kama kuna wa kulaumiwa ndani ya nyumba hii ni mimi."

Damari alianza kulia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, amejikunja, kama watu wanavyolia msibani. Mama mkwe alitaka kumkumbatia; Damari akainua mkono kumzuia.

"Niache, mama," alisema katikati ya kwikwi. "Niache nilie. Sijamlilia mwanangu."

Calist alibaki magotini. Hakuthubutu kumgusa.

Ilichukua muda mrefu. Kisha Damari alijifuta uso kwa kanga, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono hadi viwikoni, taratibu, kidole kwa kidole. Akarudi mezani. Akasimama kidogo mbele ya lile donge. Akaligusa kwa kidole kimoja, likabonyea, likainuka polepole.

"Sogea," alimwambia mumewe.

Waliandaa donge la mikate sitini kabla jua halijazama. Usiku ule Damari na mama yake walilala kwa Joyce. Alfajiri akawa wa kwanza tanurini. Calist akichana kwa wembe, yeye akirusha maji na kufunga. Mikate ya kwanza ilipotoka, alichukua mmoja kwa kitambaa akamwekea mumewe sikioni.

Ulikuwa unalia.

Pale kwenye nyumba ya masista, misa ilipokwisha, meza ziliandaliwa uwanjani: kuku wa kienyeji, wali, mchuzi, chai ya maziwa, na katikati mikate mirefu imepangwa kama kuni. Harufu yake ilifika kabla watu hawajakaa. Padre alinong'oneza kwamba asiwekewe wali. Ganda lilivunjika huku na huku, ka! ka!, vitoto vikaokota makombo mapajani mwa mama zao, na bibi mmoja asiye na meno alichimbua sehemu laini ya ndani, akaichovya kwenye chai yake, akala amefumba macho.

Sista Winfrida alisimama, shada la maua shingoni.

"Mkate huu haukatwi kwa kisu mezani," alisema. "Tulivyofundishwa, unaumega kwa mkono, unampa aliye karibu nawe. Halafu yeye anakupa wewe. Haya, wapendwa!"

Vigelegele vikapigwa. Aliyekuwa karibu na Calist alikuwa Damari. Alimega, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Damari alikitazama kipande kile. Akakipokea. Akauma. Akatafuna kwa shida kama mtu aliyesahau kutafuna, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Akauma tena.

"Chumvi kidogo ingeongezwa," alisema.

"Nitakumbuka."

Alimega kipande, akampa. Calist akala bila kuona anachokula.

"Hujawahi kuniuliza nilimpa jina gani," Damari alisema.

"Niliogopa."

"Nesi aliniuliza, nilikuwa peke yangu. Nikasema Melkizedeki. Jina la babu yako. Nilikuwa nakuchukia siku ile, lakini mtoto alikuwa wako."

Calist aliinamisha kichwa mezani, mabega yakatikisika. Damari hakumbembeleza. Aliweka tu kiganja mgongoni kwake, akakiacha hapo. Kwa mkono mwingine alitoa simu.

"Baba, shikamoo... Ndiyo, nipo huku kwa masista. Wazee wa Jumatatu uwaambie wasije... Hapana, baba, sijasahau. Wala sijamsamehe yote. Ila nakwenda nyumbani kwangu... Nimekula. Ndiyo, nimekula, muulize mama." Akasikiliza kidogo. "Ana jambo la kukwambia. Mwenyewe."

Akampa mumewe simu.

"Shikamoo, baba," Calist alisema. "Nilikudanganya. Simu niliikata mimi."

Kikohozi cha Mzee Chediel kikasikika, kisha ng'ombe akilia kwa mbali.

"Maneno hayo hayaongelewi kwenye simu," mzee alisema hatimaye. "Jumatatu njoo. Peke yako. Ukae mbele yangu uyaseme nikikutazama."

"Nitakuja, baba."

Damari, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu, akaichukua simu.

"Tutakuja wote wawili, baba," alisema. Akakata, akavuta mkate mwingine, akaumega katikati.