Picha za Baba Ndani ya Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Mhandisi alimwamkia mama yake, akavua viatu, kisha akavuta kigoda karibu na kompyuta. Jina hilo la utani binti huyo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuna redio wala saa iliyosalimika mikononi mwake. Mama yake alikuwa mpiga chapa. Aliwaandikia watu barua pale pale sebuleni, kwenye kompyuta aliyoiacha marehemu baba.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Uliiwasha, ukaenda kuosha vyombo, ukarudi, bado inajikongoja! Fundi kompyuta wa mtaani akampa Mhandisi flashi yenye Linux, programu ya kuendeshea kompyuta iliyo nyepesi kwa mashine kuukuu. Hiyo ni programu huria, yaani watu wengi huiandika pamoja, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuirekebisha.

"Usianze peke yako," fundi alimwonya. "Tunakili kwanza mafaili yenu."

Mhandisi akaona anacheleweshwa. Jumamosi, mama alipokwenda sokoni, akaichomeka flashi. Skrini ikamuuliza kwa Kiingereza: aiweke Linux kando ya vitu vya zamani, au afute diski yote? Mtoto wa watu hata hakusoma mpaka mwisho. Akabonyeza kufuta.

Mama aliporudi alifurahi kuona kompyuta inaamka upesi. Kisha akauliza, "Na picha za baba yako?"

Mhandisi akafungua folda moja baada ya nyingine. Hazikuwepo, na nakala nyingine hawakuwa nayo.

"Zipo, mama. Nimezihifadhi mahali pazuri. Nitakuonyesha."

Uongo huo ukadumu wiki tatu. Mama aliandika barua zake kila siku, na kila alipouliza picha, alipewa kisingizio kipya. Mhandisi akakosa raha. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie.

Siku moja mama akasema, "Kesho baba yako anatimiza mwaka tangu atutoke. Nitolee ile picha anayocheka, niitundike ukutani."

Mhandisi akaangua kilio. "Nisamehe, mama. Nilizifuta zote siku ile ile."

Mama hakumpiga wala kumfokea. Alijifunika uso kwa mtandio, na jambo hilo lilimuuma mtoto kuliko fimbo.

Wakaipeleka kompyuta kwa fundi. Akaifungua diski kwa programu nyingine huria, ya kutafutia vilivyofutwa, akatikisa kichwa.

"Kitu ukikifuta hakiondoki papo hapo," alisema. "Kinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kila barua aliyoandika mama yako wiki hizi tatu huenda imekalia picha. Ungekuja siku ile, ningepata nyingi."

Kati ya picha mia tatu zilipatikana arobaini na moja. Ile ya kucheka ilitoka nusu. Shati lilionekana, na mikono pia, lakini mahali pa uso palikuwa na kijivu kitupu. Mama akachagua nyingine, ambayo baba ameinamia kazi, ikachapishwa.

Fundi akamwonyesha Mhandisi ukurasa wa kuwaandikia watengenezaji wa Linux. Akaandika bila kujitetea: "Nilifuta picha za marehemu baba yangu. Naomba onyo liwepo kwa Kiswahili. Nimelitafsiri hapa chini." Baada ya wiki kadhaa wakamjibu kwamba wamelipokea, na litaingia katika toleo lijalo.

Mama akalisoma onyo lile pale kwenye skrini, polepole: "Ukifuta diski, picha na kazi zako zote zitapotea." Akamshika binti yake bega.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Wengine wataokoka. Lakini nisikilize. Kule kubonyeza ningekusamehe siku ile ile, na uso wa baba yako huenda tungeuwahi. Zile wiki tatu za kunidanganya ndizo zilizoula. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo."